Njia ya Bernadina

Jumapili, 1 Agosti 1982
Siku ya arobaini ya ndoa! Bernadina kaamka, kanitazama, kacheka. Nimemwaga chai.

Kisha ua langu likatoa habari nzito. Jana akitoka kazini zahanati, lori la kahawa la Oldeani lilimtupa mtaroni. Magari ya watalii nayo humfunika vumbi kila siku. Isipopatikana njia salama kufikia Ijumaa, anahamia chumba cha wauguzi. Siku arobaini tu, tuachane!

Baada ya misa nikaenda kukagua. Nyuma ya mashamba kuna ukanda mpana, umenyooka, hauna gari wala mtu. Mavi makavu hapa na pale. Ya zamani, bila shaka. Mbona hakuna aliyeuona kabla yangu? Sekondari si mchezo.

Jumanne, 3 Agosti
Nimempelekea ramani Mzee Hhando, balozi wetu wa nyumba kumi. Hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu, anaizungusha kwa mikono, kwa hiyo nimechora njia pana. Akauliza kama nimezungumza na wenye ng'ombe. Nikamjibu kwamba hii ni njia ya binadamu. Akasema haya, kijana, ila yeye atatangulia mbele.

Jirani yangu Raphaeli, mwenye baiskeli mpya ya Phoenix, kacheka sana. Ati njia salama kuliko zote ni karia yake. Karia! Kwa mke wangu!

Jumatano, 4 Agosti
Nimefyeka. Nimeng'oa mawe. Nimefukia mashimo. Viganja malengelenge matupu. Bernadina kayapuliza moja moja. Kwa pumzi ile nafyeka mpaka Malambo! Ufunguzi kesho asubuhi.

Alhamisi, 5 Agosti
Alhamisi ni siku ya josho. Wilaya nzima inajua. Mimi je?

Bernadina alikata utepe, sare nyeupe, malaika mtupu. Hatua ishirini tu, ardhi ikatetemeka. Ng'ombe mia mbili, wametoka kuogeshwa, wanachuruzika dawa! Mzee Hhando alizungusha mikono, akatuacha wote. Mke wangu nilimkuta juu ya kichuguu. Sare ya kijani.

Metui, mwenye kundi, alinishika mkono kwa machozi ya furaha. "Bwana Clemensi, tangu babu zetu hakuna aliyetufagilia njia ya ng'ombe!" Kanipa kibuyu cha maziwa.

Ijumaa, 6 Agosti
Bernadina kahama. Juu ya karia ya Raphaeli, godoro kichwani! Kasema ananipenda sana, ila na miguu yake anaipenda. Kapunga mkono mpaka konani. Nyumba kubwa mno. Maziwa nimeyanywa peke yangu.

Jumapili, 8 Agosti
Nimepata! Nyuma ya uwanja wa mnada wa mifugo: pana, bapa, kimya. Nimeikagua leo mwenyewe mwanzo hadi mwisho, sikuona hata ndama. Mzee Hhando katia mafuta magurudumu yake.

Ufunguzi nimeupanga siku yenyewe ya mnada, wapiga makofi wawe wengi. Bernadina mpenzi, fua sare!