Chembe Zangu Kubwa

Jumatatu, 4 Machi
Nimejidunga sindano kidoleni na sikusikia kitu. Nilijua nilipoona damu kwenye gauni la mteja. Jeupe, bila shaka. Shemeji, kaka wa mke wangu na kwa bahati mbaya fundi cherehani mwenzangu, akasema nimezeeka. Mimi! Kweli ngazi za dukani zinanikata pumzi, na ulimi unawaka kama nimelamba pasi. Lakini kuzeeka? Mke wangu kaamua: kesho zahanati.

Jumanne, 5 Machi
Asubuhi nimekunywa jagi zima la juisi ya bitiruti ili damu itoke nyekundu. Mpimaji hakuisifia hata kidogo.

Daktari akauliza ninakula nini. Shemeji alikuwa pale pale, eti kanisindikiza. Nikajibu nakula kila kitu. Ningefanyaje? Miaka minne iliyopita Shemeji alisema siwezi kuacha nyama, samaki, maziwa na mayai hata wiki moja. Sijagusa tangu siku hiyo. Nikiamriwa kula, yeye kashinda.

Ijumaa, 8 Machi
Majibu, mbele ya mke wangu na Shemeji. Nina upungufu wa damu. Chembe nyekundu ni chache, lakini kubwa kupita kawaida! Nikamwambia Shemeji zake huenda ni za saizi ya watoto.

Daktari akasema ukubwa huo si sifa. Vitamini B12 ikikosekana, chembe hazikomai vizuri. Foleti ya mboga za majani ikipungua, huwa vivyo hivyo, ndiyo maana alipima zote mbili. Foleti ninayo tele. B12, karibu hakuna.

Nikaomba kuziona. Nikachungulia kwenye hadubini: mviringo, zimevimba, zangu mwenyewe. Ningekaa pale mpaka jioni.

Kilichomsumbua daktari ni sababu. Anayekula kila kitu akakosa B12, labda tumbo haliinyonyi. Akataja vipimo zaidi, na mpira wenye taa unaoshushwa kooni. Akasema pia kwamba mishipa ya fahamu huihitaji vitamini hiyo, na ganzi ikichelewa kutibiwa inaweza isiondoke. Hapo niliogopa kwelikweli. Vidole hivi ndivyo vinavyolisha nyumba yangu.

Hata hivyo nilinyamaza. Mke wangu hakunyamaza. Alimwaga yote, kuanzia siku ya kwanza. Daktari aliweka kalamu chini akasema sababu imepatikana. Shemeji akauliza ni ubishi gani huo. Hakumbuki! Miaka minne nimeshindana na mtu asiyejua kama tunashindana.

Nimechomwa sindano ya B12. Niendelee nazo, na nile mayai.

Jumapili, 24 Machi
Ngazi nazipanda bila kusimama. Leo sindano imenichoma kidoleni, nikapiga kelele, mke wangu akalia kwa furaha. Mimi pia kidogo.

Mchana tumekula pamoja. Nilikuwa namalizia yai la pili na kujaza mboga kwenye sahani. Shemeji akacheka, akasema mboga za majani ndizo nisizoweza kuziacha hata mwezi mmoja.

Nimesogeza sahani pembeni. Tutaona.