Viti Saba vya Baraza la Mwanangu

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Uhuru una miezi minane, na Karani wa Baraza Kuu ni mwanangu! Nchi nzima, karani mmoja! Mimi niliyeishia darasa la sita! Ofisi yao iko juu ya duka la viatu: majimbo saba, viti saba. Kiti kimoja kikibaki kitupu, hakuna kikao. Waliandika hivyo wenyewe ili asitokee mtu wa kuwaburuza tena. Leo wamekuja sita. Mjumbe wa milimani ati kichwa kinamuuma. Juma lililopita mwingine, tumbo. Ijumaa wasipotimia, ofisi inafungwa. Mwanangu karudi, hakugusa chakula.

Jumanne, tarehe 5
Jirani yangu, Mama Pacha, kanikuta bombani. Kauliza mbele za watu, eti shoga, huyo wako anatawala nini? Kijana wake analinda kizuizi cha jimbo pale darajani. Akipuliza filimbi, lori linasimama. Wangu, kasema, akitoa sheria hata kuku hasimami. Watu wakacheka mpaka ndoo zikafurika. Nikacheka nao, nisije nikalia.
Lakini nimepata wazo!

Jumatano, tarehe 6
Nimechukua utepe wangu wa kupimia nguo, nikaenda mpaka nyumba ya wageni, wanakokaa wajumbe wote saba. Nikasema nimekuja kuwapima majoho ya kikao. Kumbe hakuna mgonjwa hata mmoja! Nikampima kila mtu peke yake. Nikifika shingoni namnong'oneza: Ijumaa wanachagua makao makuu ya nchi, na nasikia ni jimbo lako, baba, ila wenzako wasijue kama unajua. Yule wa milimani alivimba kifua mpaka nikaongeza inchi mbili.
Akili zangu hizi, ningesoma mimi!

Ijumaa, tarehe 8
Saba! Wote saba! Mwanangu kagonga kengele huku machozi yanamtoka. Mimi mlangoni, kifua mbele.
Kisha wa kwanza kasimama, kawashukuru wenzake kwa kulichagua jimbo lake. Wa pili kashukuru vilevile. Wa tatu kamuuliza wa pili anashukuru nini.
Yallah!
Hadi adhuhuri walikuwa wamepiga kura moja, na wote saba wameafikiana, mara ya kwanza tangu uhuru: Baraza livunjwe. Kila mmoja kateremka ngazi na kiti cha jimbo lake. Mwanangu kabaki amesimama na kengele. Kaniuliza, mama, uliwaambia nini? Nikamwambia nilipima mabega tu.

Jumamosi, tarehe 9
Darajani sasa kuna vizuizi viwili, kila upande na filimbi yake. Mwanangu kashinda kitandani, uso ukutani. Kengele kaifunga kwenye shati lake la kazi, kaisukuma uvunguni. Alikuwa anaamini kweli, mtoto wa watu. Nimemwekea chai mara tatu, mara tatu imepoa.
Nimekaa, nimewaza, nimeliona kosa. Majimbo yalikuwa makubwa mno! Mtaa wetu una nyumba saba tu. Tuunde baraza letu, mwanangu karani, kengele anayo tayari. Na ili asionewe mtu, lazima nyumba zote zikubali. Yangu imekubali. Tano nimezipitia jioni hii; kila moja nimeinong'oneza kwamba bomba litahamia mlangoni pake.
Imebaki ya Mama Pacha. Kesho asubuhi nakwenda na utepe.