Malalamiko Kuhusu Nyaya za Simu Alizofunga Kalombo

Dilala, Kolwezi, 14 Juni 1993

Kwa Bwana Mkuu wa Huduma ya Simu,

Pole na kazi. Mimi ni Ngoy, karani wa ghala na katibu wa kamati ya mtaa, ile iliyoandika majina ya watu wa Kasai wanaotakiwa kurudi kwao. Tuliyaandika vizuri, kwa taipureta. Sasa simu zetu zimeharibika, na binti yangu Huguette yuko Likasi, siku zake za kujifungua zimefika. Mama yake habanduki kwenye simu hata kupika.

1. Nyaya za nyumba zetu sita alizipanga Kalombo, jirani yangu wa ukuta mmoja kwa miaka kumi na tisa. Ndani ya boksi, kila nyumba aliitia alama kwa uzi wa rangi yake kutoka kwenye cherehani ya mkewe, Ndaya. Hakuacha karatasi yoyote. Tulimpa saa nzima ya kufunga mizigo, akashindwa kutuchorea ramani ya nyaya. Huo ni ubinafsi.

2. Fundi mpya, Tharcisse, ni mwenyeji halisi na anaimba vizuri kanisani. Alikata nyuzi zote ili boksi lipendeze. Tangu hapo wanaompigia padri wananipata mimi. Juzi mama mmoja alinieleza dhambi zote za mumewe kabla sijajitambulisha. Nilimwacha amalize.

3. Waliovamia nyumba ya Kalombo jana waling'oa waya uliopita darini mwake kuja kwangu, wakauuza kwa sababu ni shaba. Mmoja wao ni mwanakamati, kwa hiyo simtaji.

4. Kamati imeona hivi: kama mtu ameondolewa kwa kuwa hapa si kwao, kazi ya mikono yake nayo haina ruhusa ya kubaki. Tunaomba kila waya aliofunga ufunguliwe, Dilala yote, na mtaa wa Manika pia. Tutakuwa kimya, lakini kimya kitakuwa chetu wenyewe. Ndaya naye aliwafundisha watoto wetu hesabu za kugawanya. Hilo tutalishughulikia nyumbani.

Wasalimie wote ofisini, na mama watoto, na yule mlinzi wako mwenye mguu mbaya.

Wako katika kazi,
Ngoy, Katibu

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilikwenda stesheni na daftari. Kalombo na Ndaya wako pale juu ya masanduku, wiki ya tatu wanangoja treni. Alinichorea nyumba kwa nyumba, hata njia nyingine ya waya, kupitia kwa jirani yetu Mama Henriette. Hakuniuliza kuhusu orodha. Nilirudi nikafunga kama alivyosema, na saa kumi simu ikalia. Huguette amejifungua msichana. Habari za huku hazijui. Kabla sijampongeza akasema, "Tata, ita tata Kalombo, asikie mutoto vile analia." Kalombo ndiye baba wa ubatizo wa Huguette. Laini ilikuwa safi, nilimsikia mtoto hadi pumzi. Nilimwambia simsikii, nikakata.