Sumaku juu ya gari ya Mama mukwe

Leo nimepata haya, wandugu. Haya ya mutu muzima, mbele ya familia yote ya bibi yangu. Nawaandikia nikiwa ningali na koti ya kilio mwilini na magoti imechubuka.

Mama mukwe wangu, mama ya bibi yangu Nsimire, alitutoka juzi juzi, na leo tulikuwa tunamusindikiza. Sanduku ilikuwa hapa Nguba, mu nyumba yao. Kaburi iko Katana, kule alikozaliwa. Watoto wake wote walikuwepo isipokuwa Furaha, kitinda mimba. Furaha iko Ulaya, anangoja makaratasi, na akitoka kule kabla ya kuipata, hawatamuacha arudi. Jana alinipigia simu analia.

"Shemeji, ni wewe unajua mambo ya internet. Fanya niongee na Mama kabla wamuzike. Siombi kitu ingine."

Nikasema sawa. (Kinywa changu hiki!)

Niko na antena ndogo ya satelite, ile ya kubeba mu sakoshi ya bega, niliiazima ku kazi. Ukiionyesha mbingu, inafanya kazi muzuri. Shida ni moja tu: unaiweka wapi? Asubuhi nikafika na ngazi na mashini ya kutoboa. Papa mukwe akatoka nje. Ni muzee mwenye hasemi mingi. Akaangalia mashini, akaangalia paa, akaniambia:

"Papa Ombeni, mabati hii marehemu aliinunua na pesa ya sambaza. Ameuza ile samaki ndogo ya ziwa miaka na miaka, bati moja moja, mpaka nyumba ikafunikwa. Leo ndiyo siku unataka kuitoboa?"

Yoo! Nikarudisha ngazi.

Sasa nikaanza kutafuta namna ya kuishikisha bila kutoboa. Nikajaribu kishikio ya mupira inayonyonya kioo. Ikashika dirisha muzuri sana, lakini dirisha lenyewe linaangalia ukuta wa jirani. Nikajaribu ile ya miguu mitatu, ya kusimamisha chini. Miti ya avoka ya kiwanja ikafunika mbingu yote. Kuiweka juu ya paa na mufuko wa muchanga? Nani atapanda tena pale, muzee akimuangalia? Ikabaki ya sumaku. Sumaku inataka chuma iliyolala sawa, na mabati ni mawimbi matupu.

Kiwanjani palikuwa gari moja, nyeupe, paa yake imelala sawa kama meza. Nikaiweka pale. Pap! Ikashika. Betri nikaifunga pembeni na skochi ya kubandika. Internet ikakuja mingi, hata wajirani wakaanza kuniuliza kode ya kuingia.

Munauliza gari ilikuwa ya nani? Ni ile iliyoleta sanduku. Nilijua! Hata dereva nilimuuliza:

"Munaondoka saa ngapi?"

"Baada ya misa na maneno ya watoto, papa."

Nikasema basi, wakati iko mingi. (Mutu wa mipango, mimi.)

Munajua desturi yetu. Ukiwa mukwe mwanaume, humukaribii mama mukwe ovyo akiwa muzima, na akikufa ndiyo zaidi. Unakaa nyuma na wakwe wenzako, uso chini. Machozi ni ya kitambaa tu, bila sauti. Basi tablet ya kuongea na Furaha nikamuachia Nsimire, mimi nikaenda kukaa nyuma kabisa, naangalia mazungumuzo ku simu yangu, nayo inakula internet ya ile antena.

Misa ikaisha. Watoto wakaongea, mumoja mumoja. Furaha alikuwa wa mwisho. Na hapo mawingu ikapanda toka upande wa ziwa. Wakubwa wakasema sanduku iingie gari mbio, njia ya Katana ikilowa tutalala mu matope. Watu wakaanza kusukumana. Mimi nikainuka kupanga viti. Nikaangalia simu: Furaha amefungua kinywa, "Mama, ni mimi..." Sura ikaganda. Ikapotea.

Nikainua macho. Gari nyeupe inatoka mu porte ya kiwanja, na juu yake antena yangu.

Nilikimbia, wandugu! Nilipita wakwe, nilipita wamama wa kanisa, nilipita hata padiri. "Simameni! Musiende! Bado! Bado!" Kiatu kimoja kikabaki mu matope. Pale ku porte nikateleza, nikaanguka magoti, mikono yote mbele.

Kilio kikawaka upya. Wanaume wakanikamata mikono na miguu, kama mutu mwenye anataka kujitupa mu kaburi.

"Jikaze, papa!"

"Antena," nikasema. "Antena yangu inaenda!"

"Ndiyo, ndiyo," tanti mumoja wa bibi yangu akasema, ananimwangia maji ku kichwa. "Lia tu, ikutoke."

Tanti mukubwa hakunionea huruma. "Mukwe analilia mama mukwe hivi? Tangu nizaliwe sijaona." Papa mukwe akaniangalia, kisha akageuza uso. Wakwe wenzangu walikuwa wanauma kitambaa ili kicheko kisitoke. (Nyinyi nitawapata.)

Nikalia kweli. Furaha aliniomba kitu kimoja tu, na nilikuwa nimemunyanganya mama yake ku neno la tatu.

Wakanitia mu gari ya pili katikati ya watanti wawili. Mpaka Katana wamenishika mikono. Kila nikitaka kueleza, "Chuut, papa, pumuzika."

Kufika, naona Nsimire anashuka mu gari nyeupe. Alikuwa amepanda na sanduku, mimi sikumuona. Na tablet iko mu mukono. Antena juu, tablet chini yake: internet ilinikatikia mimi mwenye nilibaki nyuma! Furaha aliongea na mama yake njia nzima, toka Nguba. Alimuimbia, alimuomba musamaha, alimuelezea baridi ya kule. Hakuna mutoto mwingine alipata ile nafasi.

Nsimire akanipa tablet. Macho ya Furaha imevimba.

"Shemeji, gari ikitoka, Nsimire alikuwa amegeuza kamera nyuma. Nimekuona. Mimi sikuweza kukimbia nyuma ya Mama. Umekimbia pa nafasi yangu."

Nikafungua kinywa niseme ukweli. Nikakifunga.

"Ndiyo, Furaha," nikasema.

Basi muchekee kwenu, milango ikifungwa. Lakini mwenye atamuambia Furaha kama nilikuwa nakimbilia antena, mimi na yeye tutaonana.