Kibati cha Klementina

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Siku mbaya. Miaka kumi na mmoja nimeshonea mlangoni pa duka la Mzee Mayunga hapa Nassa, na leo naambiwa huenda nikahamishwa. Sababu ni Klementina, yule mjane kutoka Migato aliyekuja na cherehani ya marehemu mumewe. Miezi mitatu tu yuko upande wa pili wa baraza, na tayari wateja wananipita mimi, fundi Januarius, kama nguzo.

Mzee Mayunga anamwoza binti yake Maximiliana. Anataka mfarishi wa pamba wa kulalia, ulioshonwa maua juu hadi chini ili pamba isikusanyike pembeni. Jumamosi kila mmoja wetu alete kipande cha ukubwa wa mto. Atakayeshinda atashona mfarishi na kukaa mlangoni. Atakayeshindwa atahamia nyuma, kwenye banda la ngozi za ng'ombe.

Mimi kando ya ngozi! Nimeshindwa kumaliza ugali.

Jumanne, 7 Agosti

Nimempeleleza. Nilijifanya nachagua chumvi dukani, nikachungulia dirishani kwa muda mrefu hata Mzee Mayunga akaniuliza kama chumvi ina kasoro.

Nimeona yote. Klementina anaondoa kile kiguu kinachokandamiza kitambaa. Kisha anafunika meno ya cherehani kwa kibati, ili yasivute. Kitambaa kinabaki huru, anakizungusha kwa mikono, sindano inadonoa kama kuku kwenye mtama. Maua yanatoka yenyewe. Inaudhi kutazama.

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi ya mtu, hujaza maua kwenye kitambaa chakavu kimoja. Anajifunza, anasema. Fundi mzima! Padre naye ajifunze Baba Yetu?

Nimemweleza mke wangu Apolonia, mama Milembe, kwamba siri ni kibati. Akasema labda siri ni yale matambara ya kila asubuhi. Nikamwambia mambo ya chuma awaachie wanaume.

Jumatano, 8 Agosti

Nimekata kibati changu kutoka debe la mafuta ya taa. Kizuri kuliko chake. Sindano tatu zimevunjika. Ua langu la kwanza limefanana na kupe aliyeshiba. Apolonia aliligeuza huku na huku, akauliza kama ni mbuzi.

Nikajikaza, nikaenda upande wa pili. Mwangaluka, mayu, nikamsalimu kwa Kisukuma, kwa heshima, nikamuuliza kibati chake alikipata wapi. Hakujibu habari za kibati. Alitazama mikono yangu.

"Baba Milembe, miguu yako inakimbia na mikono inatembea," akasema. "Ipatanishe kwanza. Jaza kitambaa kimoja kila siku. Na usiitazame sindano, tazama unakokwenda."

Akanipa furushi la matambara. Mwanamke mjanja! Zimebaki siku tatu, anataka nizimalize kwenye matambara. Nimemtupia Apolonia furushi lile afanye anavyotaka.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimeng'amua. Si kibati, ni cherehani yenyewe! Nikamwambia Klementina yangu inakohoa, nikamwomba anipishe kwenye yake leo. Nilitarajia akatae. Akakubali mara moja, akaenda kukaa kwenye yangu.

Kwenye cherehani yake nimeshona kupe wanne. Kwenye cherehani yangu, ile aliyoniachia baba yangu, Klementina ameshona mti wa mzabibu wenye majani hata nikataka kuyagusa nione kama yana umande. Cherehani yangu haijawahi kunifanyia hivyo. Miaka yote naitia mafuta mimi!

Nikatoka kutembea ziwani nitulie. Niliporudi, Klementina alikuwa amerudi kwake, na Apolonia ameinama kwenye cherehani yangu. Nadhani alikuwa akiipangusa vumbi. Mke mwema.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimetumia akili. Asubuhi nilipita kwa wanawake wanaoanika dagaa, nikasema kwa huzuni kwamba mfarishi wenye mishono ya kuzunguka humzungusha bibi harusi, asizae. Mistari iliyonyooka ndiyo yenye baraka. Mistari naiweza.

Kufikia mchana habari imefika kwa Maximiliana. Ameangua kilio. Mzee Mayunga ameniita, akaniuliza nani ameanzisha maneno yale. Nikasema huenda ni watu wa Lamadi, wana maneno mengi. Akageuza macho kuelekea banda la nyuma. Nilihisi harufu ya ngozi tayari.

Klementina alikwenda mwenyewe kumtuliza binti. Amemwambia yeye amelalia maua ya namna ile miaka yote ya ndoa, na ana watoto saba. Saba! Hata katika hilo amenizidi.

Jumamosi, 11 Agosti

Sikuwa na kipande. Kupe nilikuwa nao, kipande sikuwa nacho. Nikafika barazani mapema. Kwenye kapu la matambara, upande wa Klementina, palikuwa na kipande kimoja cha maua madogo, mistari laini, pamba imetulia. Zoezi la Klementina, nikajua, naye kwa wingi wa kazi zake hatalikumbuka. Nikalitia kwapani.

Watu wakakusanyika. Mzee Mayunga akaweka vipande viwili mezani, akasifu changu kwanza. Maximiliana akapitisha kidole juu ya maua, akaniomba nishone moja aone linavyotokea.

Nikakaa. Nikashona. Kupe.

Klementina akachukua kile kipande, akakigeuza upande wa nyuma, akatabasamu.

"Hiki si changu, wala si cha fundi," akasema. "Hii ni mikono ya mama Milembe. Jana mzunguko ulikuwa bado unamshinda. Leo tazameni."

Nimemwibia mke wangu mwenyewe! Kumbe kila nilipotoka kupeleleza, alikuwa akijaza matambara. Apolonia hakunigombeza. Alikaa, akashona ua, watu wakapumua.

Mfarishi watashona wao wawili. Mlangoni watakaa wao wawili. Wameniachia cherehani ya zamani ya duka na banda la nyuma, nishone magunia.

Jumapili, 12 Agosti

Banda linanuka kama nilivyotarajia. Baada ya misa Apolonia amenipa kitambaa chakavu, akasema nijaze kimoja kila siku, yeye atakaa nami. Hakucheka. Nilishukuru, nikakikunja vizuri, nimekikalia, maana benchi la huku lina misumari.

Lakini sikulala tu. Leo wameanza kazi mapema kwa ajili ya harusi, nami nimewasikiliza kupitia ufa wa ukuta. Wanapofika kwenye mzunguko, wote wawili huimba puani. Wimbo uleule! Ndiyo siri, na walinificha. Apolonia hajawahi kuimba hivyo akiwa na mimi.

Kesho nitaukariri wimbo huo. Beti mbili zitanitosha. Kufikia Jumatano niko mlangoni.