Trekta la Baba na Ng'ombe wa Shemeji

Jumatatu, 5 Oktoba 1987

Limewaka! Saa nne na robo asubuhi, Bunda, uani kwa fundi Makongoro. Miaka miwili ya kusaka vipuri, na leo trekta la marehemu baba limekohoa mara tatu, limetoa moshi mweusi, likaanza tu-tu-tu yake ya zamani. Nililia. Makongoro alidhani moshi umeniingia machoni. Nikamwacha aamini hivyo.

Ni trekta dogo la bustani, la mtu mmoja. Baba aliliendesha miaka ishirini na minane kwenye kabichi za misheni. Lilipochoka likawa banda la kuku, mpaka nilipolipata kwa kubadilishana na redio ya Wankyo, mke wangu. Wankyo hajasahau. Kiti cha sasa ni cha baiskeli. Mkanda wa feni ni mpira wa tairi. Tangi ni dumu la mafuta ya kula. Mengine yote ni ya baba, isipokuwa taa, rangi na magurudumu ya mbele.

Tumerudi Musoma juu ya lori la marobota ya pamba. Mimi na trekta. Nilipunga mkono njia nzima.

Jumanne, 6 Oktoba

Shemeji Masatu amekuja kwangu Buhare kuliona. Ni mume wa dada yangu Marcelina, na kila mwaka yeye ndiye anayelima shamba la mama yetu kwa ng'ombe wake wanne. Hataki watu wasahau. Amelizunguka mara mbili, mikono nyuma. Akauliza kama linakamuliwa. Nikamwambia angalau halili majani. Akasema sawa, lakini ng'ombe wake hawaombagi kibali cha petroli.

Jibu zuri limenijia alipokwisha kuondoka: ng'ombe wake hawana taa.

Alikuja na Luhende, mfanyabiashara wa Kisorya. Tangu serikali ifungue biashara, Luhende hununua kila injini anayoiona akatengenezee mashine za kusaga. Aliigonga injini ya baba kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti. Akasema atatoa bati za nyumba nzima. Wankyo alisikia neno bati akiwa jikoni. Akatoka nje. Ndiyo mara yake ya kwanza kutoka kuja kuliangalia trekta!

Hasira zikanipanda. Nimeapa mbele yao wote: Jumamosi nitalima shamba la mama kwa trekta la baba, kabla jua halijazama. Nikishindwa, Luhende alichukue. Masatu akacheka hadi akashika ukuta. Wankyo akauliza bati zenyewe ni geji gani.

Jumatano, 7 Oktoba

Kibali. Foleni tangu alfajiri. Kwenye nafasi ya sababu niliandika: kilimo cha kufa na kupona. Karani akauliza ni nani anayekufa. Nikasema bado. Lita nane!

Jioni nimelipaka dumu rangi ya kijani lifanane na trekta. Linapendeza mno. Kabla ya hapo ulikuwa unaiona petroli ndani, jambo lisilo na heshima.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimelizungusha kidogo kupasha injini moto. Nilipita sokoni, nikapita stendi, nikarudi sokoni kwa sababu mara ya kwanza baadhi ya watu walikuwa wamenipa mgongo. Kisha kwa Masatu, njia ya kwenda Etaro. Safari ya kwanza hakuwepo. Ya pili alikuwepo ila akajifanya anakagua kwato. Ya tatu alitazama. Alitazama! Nikapiga saluti.

Injini ndogo hii, inakunywa kama ndege. Petroli imejaa tele.

Jumamosi, 10 Oktoba

Siku ya siku.

Zamani kila Jumamosi baba aliruhusiwa kuja na trekta nyumbani, Etaro, kuliosha ziwani. Mama alikuwa akisikia tu-tu-tu kutoka mbali, anabandika maji ya ugali. Leo sikumwambia nakuja saa ngapi. Nilipofika, sufuria ilikuwa jikoni, maji yanachemka. Mama alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Akasema, "Leo amechelewa."

Nilijifanya nakaza nati.

Kisha akajifunga khanga kiunoni akapanda kwenye kiti! Miaka yote ile alimwomba baba ampakie, na baba akakataa, ati ni mali ya misheni. Leo mama amesema haoni padri hapa. Basi nikasimama nyuma yake kwenye chuma cha plau, nikashika usukani kupitia mabegani mwake. Tukaondoka. Plau ikazama. Udongo ukafunuka. Mama alicheka kama msichana. Ilikuwa furaha tupu, kwa hatua ishirini hivi.

Tu-tu. Tu. Kimya.

Dumu kavu. Kavu kabisa! Ofisi ya vibali ni hadi Jumatatu. Luhende alikuwa ukingoni mwa shamba, spana mkononi, anatazama jua. Nikamwomba mama ashuke tufikiri. Akakataa. Akasema safari yake haijaisha.

Ng'ombe wa karibu ni wa Masatu tu. Hapo ndipo penye balaa. Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe. Miaka kumi na tisa Masatu analima shamba hilo huku mama amejifungia ndani, na chakula kinaachwa mpakani. Hawajawahi kuonana uso kwa uso. Na leo mama amekaa katikati ya shamba, juu, kama askofu!

Tukamwita; Masatu alikuja na ng'ombe, na Marcelina. Akafika mpakani, akageuka, akasimama amelipa shamba mgongo. Mama akajifunika khanga. Marcelina akasimama katikati. Masatu akamwambia amuulize bibi kama hawezi kushuka. Mama, hatua kumi tu kutoka hapo, akamwambia Marcelina amjibu mkwe kwamba amesikia, na kwamba hapana. Marcelina akafikisha. Masatu akaomba asalimiwe. Mama akasema mkwe aambiwe ng'ombe wake wamenona, na asante ya miaka yote. Miaka kumi na tisa! Masatu alikohoa muda mrefu sana.

Akaja kinyumenyume, akipapasa. Mara ya kwanza aliufunga mnyororo kwenye mguu wangu. Mara ya pili ukapata trekta. Kisha akatangulia mbele ya ng'ombe, bila kugeuka hata mara moja, nao wakavuta.

Kusema kweli nilisahau kuinua plau. Nilipotazama nyuma nikaona tuta, safi, limenyooka kadiri mtu asiyegeuka anavyoweza kunyoosha. Nikaiacha palepale. Tukazunguka. Mama aliimba nyimbo zote za kanisani anazozijua, na kila baada ya ubeti akatia tu-tu-tu kwa mdomo. Shamba lake si kubwa. Jua halijagusa maji, tukamaliza!

Luhende akapinga. Akasema walimaji ni ng'ombe. Mama, bado yuko kitini, akamwambia Marcelina amweleze mgeni hivi: yeye amekaa hapo mchana kutwa, na hakuona ng'ombe akivuta plau. Ng'ombe wamevuta trekta. Plau imevutwa na trekta la mume wake. Na shamba ni la nani?

Luhende akatia spana mfukoni. Akala samaki wawili, sato, kwa ugali wa mama. Akauliza kama anaweza kukaa kitini kidogo.

Jumapili, 11 Oktoba

Mvua imenyesha alfajiri, juu ya udongo uliolimwa. Kanisani mama amewaambia watu wote kwamba amelima mwenyewe. Masatu hakubisha. Alikuwa upande wa pili wa nguzo, akitabasamu. Wankyo amesema bati si lazima mwaka huu, ila redio anaitaka.

Nimetafakari kwa makini. Fundisho liko wazi: trekta hili ni imara kuliko nilivyodhani. Mama anataka kwenda Butiama kumsalimia dada yake Boke. Ni mbali, kuna vilima. Nimemwahidi Krismasi. Nimeshachora kiti cha pili nyuma, cha Masatu, na pazia katikati. Kitambaa kizuri kipo kwenye sanduku la Wankyo. Ng'ombe watafuata kwa kamba, mapambo tu.

Kesho foleni ya kibali. Ila kwanza dumu: mnyororo umelichubua ubavuni, petroli itaonekana ndani. Nitalipaka rangi tena, safari hii mara mbili.