Firigisi Chini ya Kisahani

Jumatatu, 11 Agosti

Tumefika. Likizo ya kwanza katika historia ya ukoo wetu. Shangazi Pascalia ametulipia siku tano katika nyumba ya wageni kando ya msitu wa Kakamega, baada ya daktari kumwambia Baba apumzishe mgongo kabla mgongo haujampumzisha yeye. Mama amebaki Lugari na ng'ombe. Mimi, binti yake, nimetumwa kuhakikisha Baba anapumzika. Amepumzika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha akauliza fagio linawekwa wapi.

Meneja anaitwa Bwana Were. Ametukabidhi sabuni za kuogea yeye mwenyewe, mkononi. Anasema sabuni za hapa zimeota miguu, na siku atakapomshika anayezichukua, huyo ataenda kuoga kwao. Ni sabuni ndogo nzuri, zimefungwa karatasi ya kijani, zinanukia ndimu. Baba hakuzigusa. Amekuja na kipande chake cha sabuni ya kufulia.

Sasa habari yenyewe. Anayehudumu mezani ni Winrose.

Winrose wa shuleni kwetu! Kidato cha Nne, nahodha wa mdahalo. Miaka miwili nimekaa safu ya tatu nikimsikiliza na sijawahi kumwambia neno. Niliwahi kumwambia "samahani" mlangoni, lakini nadhani alifikiri nauambia mlango. Kumbe kwao ni Khayega, na likizo hufanya kazi hapa ili ajinunulie mahitaji ya muhula. Alikuja na sahani nne mikononi kama mtu aliyezaliwa nazo. Akaniuliza kama nataka chai ya maziwa au ya rangi. Nikasema ndiyo.

Hakucheka. Aliniletea zote mbili.

Jumanne, 12 Agosti

Sikulala vizuri. Nitamshukuruje?

Sebuleni kuna kijitabu cha adabu za msafiri, kimebanwa kati ya Biblia na ramani ya msitu. Nimekisoma mara mbili. Kinasema mgeni mwema huacha bakshishi kwa anayemhudumia. Itolewe kwa siri, bila maneno mengi, na iwe kitu chenye thamani machoni pa mtoaji. Vizuri. Lakini hakisemi ufanye nini ikiwa anayekuhudumia ni mtu ambaye shule zikifunguliwa mtapanga naye foleni moja ya maharagwe. Nikimpa pesa, nimemfanya mtumishi wangu. Nisipompa kitu, mimi ni mgeni asiye na adabu. Na pesa zenyewe sina.

Nilimwuliza Baba. Alisema kumpa pesa ya pembeni mtu ambaye tayari analipwa, hiyo inaitwa chai, na kama hajawahi kumpa chai hata askari wa barabarani, hataanza na mtoto wa shule. Mgeni, alisema, hushukuru kwa kumaliza chakula. Kisha akaenda kufagia uwanja usio wake.

Leo asubuhi bwana mmoja kutoka Nairobi alirudisha yai lake jikoni mara mbili. Winrose akaliweka mezani mara ya tatu na kumwuliza, kwa upole kabisa, mama yake alikuwa akilipika vipi. Bwana akaeleza. Akaeleza sufuria, akaeleza kuni, akaeleza na jirani aliyekuwa akiwaazima chumvi. Alipomaliza hadithi alikuwa amemaliza na yai. Lilikuwa yai lile lile. Nililitazama kwa makini. Ningependa kuwa mtu wa namna hiyo.

Tyson, ndugu yangu, ana miaka kumi na mmoja na hana haya. Tayari anamwita Winnie, na wanagotana ngumi kila anapopita. Mimi miaka miwili safu ya tatu. Yeye kiamsha kinywa kimoja.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepata. Nashangaa sikuona mapema.

Usiku huu chakula ni kuku, ingokho halisi ya kienyeji, mzima kwenye bakuli. Ndani ya bakuli kuna firigisi, ile tunayoiita imondo. Nyumbani kwetu imondo ni ya Baba. Haiulizwi, haigawanywi, mgeni mkubwa akija ndipo Baba humwachia. Mezani hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Na anayepakua ni mimi. Nitaitoa kabla Baba hajaiona, niifunge kwenye tishu, niiweke chini ya kisahani changu. Winrose akiondoa vyombo ataikuta na ataelewa. Siri ipo. Maneno hayapo. Thamani ipo. Kijitabu kingenipigia makofi.

Baadaye.

Kila kitu kilikwenda sawa hadi Baba aliposhika kijiko. Alikoroga bakuli. Akakoroga tena, kutoka chini. Kisha akaweka kijiko mezani na kuuliza polepole kama kuku huyu alitembea duniani bila imondo.

Baba si mlalamishi. Nimemwona akila mawe ndani ya maharagwe bila neno. Lakini kuku akija bila imondo ni kama mtu jikoni amekupima kwa macho na kuamua kwamba wewe si mwenye boma. Na hapo ni mbele ya wageni wa Nairobi.

Bwana Were akaja. Barasa mpishi akaitwa. Akaapa aliiweka kwa mikono yake, tena juu kabisa, ionekane. Basi macho yote yakamgeukia aliyebeba bakuli. Wakati huo Winrose alikuwa ameshaondoa visahani. Bwana Were akamwuliza kama anajua lolote. Winrose akatia mkono mfuko wa aproni na kutoa tishu. Akaifungua mbele ya watu wote. Akasema ameikuta chini ya kisahani sasa hivi, alikuwa anakuja kuuliza ni ya nani.

Hakuna aliyemwamini. Bwana Were akasema ilianza na sabuni, sasa imefika firigisi, kesho itakuwa kitanda.

Nilifungua mdomo. Tyson anasema ilitoka sauti kama ya birika linalokaribia kuchemka. Halafu nikauangalia mchuzi mpaka watu wakaondoka.

Alhamisi, 14 Agosti

Winrose hayupo mezani. Amepelekwa nyuma kufua mashuka. Barasa anasema kesho jioni kibarua chake kinaisha. Chai tumeletewa na Bwana Were mwenyewe, nusu kikombe, nusu kwenye trei.

Nilimwona kwenye kamba ya nguo. Hakuwa analia wala kununa. Alikuwa anakunja mashuka kwa mistari iliyonyooka kabisa, na alipomwona Tyson akamgota kama kawaida. Mimi nikajificha nyuma ya shuka.

Mpango wa kwanza: Tyson akiri badala yangu. Yeye hugombezwa kila siku, ameshazoea. Aliomba chapati zangu zote hadi Krismasi. Nikakubali. Akaenda kwa Bwana Were na kukiri, kwa machozi, kwamba yeye ndiye aliyekula firigisi. Bwana Were akamkumbusha kwamba firigisi haikuliwa. Ilionekana nzima na watu wote. Tyson akafikiri kidogo, akasema basi ilikuwa ya pili. Alifukuzwa ofisini. Chapati bado anazidai.

Mpango wa pili sikuwa nao.

Nilimkuta Baba nyuma ya jiko akipasua kuni za nyumba ya wageni. Nilisimama hapo mpaka akaniuliza kama nimepandwa. Nikasema yote kwa pumzi moja. Winrose, kijitabu, bakshishi, tishu, yote. Nilingoja shoka lianguke. Aliliegemeza kwenye gogo na kuuliza imondo ile ilikuwa ya nani. Nikasema yako, Baba. Akasema basi nilitoa shukrani kutoka mfuko wa mtu mwingine. Halafu akauliza msichana angejuaje kwamba ni shukrani. Akasema, "Mitchel, sasa twende. Mimi nitasimama, wewe utasema."

Nilimwambia Bwana Were kila kitu, ila niliviambia viatu vyake. Akasema hasikii. Nikarudia. Akasema bado. Mara ya tatu nilipiga kelele kama mwuza samaki, na jikoni Barasa akaangusha mwiko.

Bwana Were aliinuka kitini. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kamba ya nguo. Sikusikia alichosema, lakini niliona amevua kofia.

Ijumaa, 15 Agosti

Winrose amerudi mezani. Amenipa chai ya maziwa na ya rangi bila kuuliza.

Jioni Baba aliagiza kuku mwingine, kwa pesa zake, yeye anayeona soda ni anasa. Bakuli lilipofika alinizuia kupakua. Akamwita Winrose. Akaichukua imondo kwa kijiko, akaiweka kwenye sahani safi, akasimama na mgongo wake mbovu, akamkabidhi kwa mikono miwili. Alisema kwake kitu hiki ni cha mwenye boma. Lakini mtu anayesingiziwa mbele ya watu asipige kelele wala asimnyoshee mwingine kidole, kichwa cha boma tayari anacho. "Kula, mwanangu."

Barasa alikuwa mlangoni. Bwana wa Nairobi aliacha kutafuna. Nadhani hakuna msichana aliyewahi kupewa kitu kile mbele ya Baba, hata mimi.

Winrose aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akaila amesimama, bila haraka na bila aibu, yote. Akasema asante sana, Baba. Kisha akaongeza kwamba Barasa amebania chumvi. Barasa akamjibu kwamba watu wakishapewa boma midomo nayo hupanuka. Baba akacheka mpaka akashika mgongo.

Kijitabu kina sura ndefu ya kutoa. Sura ya kupokea hakina. Winrose angeweza kuiandika.

Akiondoa vyombo aliinama karibu nami. Alisema alinijua tangu Jumatatu, yule wa safu ya tatu anayeandika maswali na hayaulizi. Nikauliza, kwa sauti ya kusikika, kama alijua firigisi imetoka kwangu. Akasema alikisia, kwa sababu Tyson angeila. Lakini kukisia si ushahidi, na mgeni hashtakiwi kwa kukisia. Kisha akasema kabla hajaanza mtihani anataka kumwachia mtu nafasi yake ya msemaji, na wiki ya kwanza ya muhula nije mbele, nisikae nyuma. "Na siku nyingine ukitaka kunishukuru, fungua mdomo tu. Asante haifungwi kwenye tishu."

Nimeyaandika maneno haya mara tatu ili nisiyasahau.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa kwenye gari la Shangazi, aliyekuja kutuchukua. Baba bado anaagana na fagio.

Nilikuwa nimeiandaa asante. Sentensi mbili, nimezifanyia mazoezi mbele ya kioo, moja ina hata koma katikati. Asubuhi Winrose alikuja na birika na kunitazama, akingoja. Nikasema ndiyo.

Lakini nilikuwa nimejiandaa na kwa hilo. Safari hii nilifikiri kwanza. Kosa la Jumatano lilikuwa kutoa kitu cha Baba. Basi ni lazima kiwe changu. Na zile sabuni za kijani ni zetu kabisa, tumekabidhiwa mkononi, na kwa kuwa Baba ametuogesha wote kwa sabuni yake ya kufulia, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nimezikusanya. Aproni ya Winrose ilikuwa inakauka kwenye kamba. Nilizitia zote ndani kabisa ya mfuko, na hakuna aliyeniona. Siri ipo. Thamani ipo. Ni changu. Na sabuni hailiwi.

Mvua imeanza kudondoka. Bwana Were ametoka mbio kuokoa nguo. Ni mtu mwema kweli, anazianua mwenyewe. Sasa ameshika aproni. Anaipima uzito. Ameileta puani.

Anamwita Winrose, tena kwa sauti kubwa. Bila shaka anataka kumkabidhi zawadi yake kabla haijaloana. Shangazi ametia gari moto. Nimeinama ili Winrose asinione nikitabasamu, kwa sababu kijitabu kinasema mtoaji wa kweli haonekani.